Kitufe cha Ametoka

Nina kipaza sauti mkononi. Siku hizi ni cha harusini, zamani kilikuwa cha serikali, lakini sheria ni ile ile: katika Jamhuri ya Vifijo mwenye kipaza sauti haulizwi kama anayosema ni ya kweli, anaulizwa tu kama yamesikika huko nyuma. Wa nyuma mnanisikia? Haya. Kaeni vizuri niwaeleze jinsi Wizara yetu ya Afya ilivyokomesha kifo kwa kufuta silabi moja, na jinsi mke wa fundi majiko alivyotuharibia sherehe.

Asidhani mtu kwamba naisema nchi yake. Nchi zenu zina mawaziri wanaosoma karatasi kabla ya kuzitia saini. Yangu ni nyingine kabisa, iko mbali, na mji wake mkuu unaitwa Nderemo. Mimi huko nilikuwa mshereheshaji wa Wizara. Hospitali Kuu ya Nderemo ilikuwa na washereheshaji watatu na daktari mmoja wa moyo. Daktari huyo akisafiri tulifanya sherehe ya kumuaga, akirudi tulifanya ya kumpokea, kwa hiyo wagonjwa wake hawakukosa muziki hata siku moja.

*

Mambo yalianza pale wafadhili walipotuletea kompyuta. Walisema tuweke humo habari za wagonjwa, ili mtu akiletwa hajitambui, daktari abonyeze na kuona huyu ni nani, anaumwa nini, na dawa gani inamdhuru. Walisema kuna elimu nzima ya jambo hilo, na kwamba wauguzi na madaktari wakiisoma sawasawa, watu wengi wanaokufa kwa uzembe hawatakufa.

Wizara ilifurahi sana. Ikasema hata hivyo haiwezi kuwafundisha wataalamu wake kitu kisicho na jina la heshima, ikaunda Kamati ya Ufasaha na Adabu, na Kamati hiyo baada ya kumaliza mbuzi wengi ikazaa neno Tibatarakilishi. Kompyuta zenyewe zilibaki ndani ya nailoni zake, zimetandikwa vitambaa vya kufuma, zikimsubiri mgeni rasmi.

Mwenyekiti wa Kamati, ambaye pia aliteuliwa Mkufunzi Mkuu, alikuwa Dokta Nestori Lukumbo. Udaktari wake ulikuwa wa magonjwa ya mbaazi, lakini alipokuwa ng'ambo alipanga chumba jirani na chuo cha kompyuta, na dirisha lake lilikuwa linaangalia huko. Wizara nzima haikuwa na mtu aliyeikaribia elimu hiyo kuliko yeye.

Kazi ya kwanza ya Dokta Lukumbo ilikuwa kuyatafsiri maneno ya kwenye mashine. Mwisho wa ukurasa wa kila mgonjwa palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa "Ametoka", maana yake mgonjwa amepewa ruhusa, amekwenda kwao. Cha pili kiliandikwa "Amekufa".

Dokta Lukumbo alikisoma hicho cha pili, akavua miwani.

"Jamani," alisema, "hili ni neno la kuandika mahali wanapopita watu wazima?"

"Kufa hufa kuku," alisema mjumbe mmoja. "Binadamu tuseme amefariki."

"Amefariki ni la redioni. Mtu akilisikia anangoja wimbo wa maombolezo."

"Tuseme basi ametangulia."

"Ametangulia wapi? Watu watadhani kuna foleni, na sisi tumeshatangaza kwamba foleni zimekwisha."

Walivutana mpaka chai ikapoa, ndipo mjumbe mmoja mama mtu mzima aliposema kwa upole, "Si tuandike tu ametutoka?" Lilikuwa neno zuri kwelikweli, lenye huzuni na heshima ndani yake, na mjumbe aliyekaa karibu na mlango alifuta machozi kwa kumkumbuka mama mkwe wake. Wakaliandika: Ametutoka.

Likapelekwa kwa Waziri kutiwa saini. Waziri wetu, Mheshimiwa Sudi Makeke, alikuwa mtu wa kimo kifupi na vyeo virefu, na alikuwa na desturi ya kusoma neno moja tu katika kila waraka, akilibahatisha kwa kidole. Siku hiyo kidole kiliangukia hapo.

"Ametutoka," alisoma. "Ametutoka sisi nani?"

"Sisi sote, Mheshimiwa," alijibu Dokta Lukumbo. "Jamaa, majirani, taifa kwa jumla."

"Taifa pamoja na serikali yake?"

Dokta Lukumbo akavua tena miwani.

"Serikali haitokwi na mtu, Dokta. Wananchi wanaipenda serikali yao, hawawezi kuitoka. Hiyo 'tu' ni ya uchochezi. Iondoe."

"Ikiondoka, Mheshimiwa, itabaki..."

"Itabaki sahihi."

Basi "tu" ikafutwa, na mashine ikawa na vitufe viwili vyenye neno moja: Ametoka, na Ametoka. Fundi aliuliza mtu atajuaje kipi ni kipi. Dokta Lukumbo akaona ameulizwa swali la maana, akafikiri, akaamuru kimoja kiondolewe ili wauguzi wasichanganyikiwe.

*

Mafunzo yakaanza. Wauguzi, madaktari, wafamasia na watu wa maabara walitolewa mawodini na kuketishwa kwenye bwalo la chakula wakiwa na fulana na kofia za Tibatarakilishi. Huko wodini wagonjwa waliachwa wauguzane. Wizara ilisema huo ndio ushirikishwaji wa jamii.

Mimi ndiye niliyekuwa naongoza makofi, kwa hiyo niliyaona yote. Asubuhi walijifunza kutamka jina la somo. Waliolikosea walitamkishwa mmoja mmoja, na bingwa mmoja wa upasuaji, mtu aliyewahi kumfungua tumbo mgonjwa kwa mwanga wa tochi na akapona, alikwama kwenye "kilishi" akaondoka na alama ya sifuri. Baadaye ilikuja chai, yai la kuchemsha, na picha ya pamoja. Mchana ndipo yakaja mazoezi kwa vitendo.

Sasa, kompyuta zilikuwa hazijafunguliwa na mgeni rasmi, na kuzigusa ilikuwa kumvunjia heshima. Dokta Lukumbo hakushindwa. Alimpa kila mmoja karatasi ya bango kitita, akamwambia achore mashine yake mwenyewe na vitufe vyake vyote, kisha wote wakabonyeza karatasi kwa pamoja huku mimi nikihesabu. Muuguzi mmoja mcheshi aliinua mkono akasema yake imekwama. Dokta Lukumbo alikuja, akaikagua karatasi mbele na nyuma, akamwambia aizime, ahesabu mpaka kumi, aiwashe tena.

Nilimdharau Dokta yule siku ile, na dharau hiyo ninayo mpaka leo, haijapungua uzito.

Ni Nesi Eufrasia wa wodi ya wanaume aliyeharibu hali ya hewa. Alisimama na karatasi yake, akasema, "Samahani Dokta. Hapa mwisho pana kitufe kimoja tu. Mgonjwa akifa tunabonyeza wapi?"

Bwalo zima likamgeukia. Hata aliyekuwa anamenya yai alisita.

"Nesi, kwenu una wazazi?" aliuliza Dokta Lukumbo.

"Hapana, Dokta. Walikufa."

"Analirudia!" Dokta aligeuka kwa washiriki wengine kama mtu anayeomba mashahidi. "Nesi Eufrasia, sikiliza. Mgonjwa hafanyi hilo unalolisema. Mgonjwa anatoka. Atoke kwa mlango wa mbele au atoke kwa mlango wa nyuma, sisi tunachoingiza kwenye mashine ni kwamba kitandani hayupo."

"Sasa wa mbele na wa nyuma tutawatofautishaje?"

"Kwa nini uwatofautishe? Wewe ni mbaguzi?"

Makofi yakapigwa, maana niliinua mkono, na katika Jamhuri ya Vifijo mkono wa mshereheshaji ukiinuka viganja vinakutana vyenyewe. Nesi Eufrasia alipewa adhabu ya kurudia somo la adabu kwa kubonyeza, na cheti chake kikawekwa pembeni mpaka atakapobadilika.

*

Kompyuta zikafunguliwa, utepe ukakatwa, keki ikalika. Haukupita muda, ripoti ya kwanza ikatoka kwenye mashine mpaka mezani kwa Waziri. Waliolazwa Hospitali Kuu wote wametoka. Waliobaki vitandani wanaendelea vizuri na watatoka. Waliokufa: mashine haina habari ya jambo kama hilo.

Mheshimiwa Makeke alilia, na si machozi ya kuigiza, nilikuwa karibu niliyaona. Jioni hiyo alilihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "ziko nchi kubwa, zenye vyuo na maabara na wazee wenye ndevu za kisayansi, ambazo mpaka leo bado zinakufa. Sisi tumeshatoka huko."

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Wenzangu wawili walichukuliwa kwenda kuongeza nguvu ikulu.

Lakini Waziri alipofanya ziara ya kuzishukuru wodi, alipita mbele ya chumba cha maiti na kumkuta mhudumu wake amesimama mlangoni.

"Humu mna nini?"

"Wale waliotoka, Mheshimiwa," alijibu mhudumu, naye ni mtu aliyehudhuria mafunzo na kufaulu.

"Kama wametoka, mbona wamo?"

Mhudumu akampisha. Waziri aliingiza kichwa, akahisi baridi nzuri ya mle ndani, baridi ambayo hata ofisini kwake haikuwepo, na hapo hapo akapata wazo. Ile mashine kubwa inayozilisha kompyuta nyingine zote, tuliyoiita kompyuta mama, ilikuwa inapenda baridi. Akaamuru jamaa wawachukue watu wao siku ile ile, kompyuta mama ihamishiwe humo, chumba kifungwe kwa kufuli na utepe, na Alhamisi atakuja mwenyewe kukizindua kuwa Kituo cha Umahiri wa Tibatarakilishi. Siku hiyo hiyo wahitimu wavae majoho na kupewa vyeti. Ufunguo aliutia kwenye mfuko wa koti lake.

Ilikuwa Jumatatu, asubuhi na mapema.

*

Jumatatu hiyo asubuhi Mzee Kombo Shomvi, fundi majiko wa Mtaa wa Bati, alikuja hospitali kwa miguu yake. Kifua kilikuwa kinambana. Alikuwa na mkewe, Bi. Zamda, na nyundo yake ndogo ilikuwa bado mfukoni kwa sababu alidhani atarudi kumalizia jiko la mteja.

Nesi Eufrasia alimlaza, akamtazama rangi, akapiga simu kwa daktari wa moyo. Daktari wa moyo alikuwa bwaloni kwenye mazoezi ya mahafali. Alisema anakuja mara tu akimaliza kupimwa joho. Nesi akapiga tena, akaambiwa joho la kwanza lilikuwa fupi. Bi. Zamda akaenda nyumbani kumpikia mumewe uji. Aliporudi na chupa ya uji, kitandani alikuwa amelala mtu mwingine.

"Mama," Nesi Eufrasia alimshika mkono, "mzee amekufa. Nisamehe. Nilihangaika nikashindwa."

Alisema amekufa, neno lenyewe, bila kulivisha nguo. Bi. Zamda alikaa chini sakafuni na chupa yake. Aliniambia baadaye kwamba siku zile zote ni mtu huyo mmoja tu aliyemwonea huruma kiasi cha kumwambia.

Nesi hakutaka kubonyeza chochote. Lakini mashine ilikataa kumpokea mgonjwa mpya kitandani mpaka wa kwanza awe ametoka, na mgonjwa mpya alikuwa mlangoni anatapika damu. Akabonyeza kile kitufe kimoja kilichokuwepo. Mzee Kombo akapelekwa chumba cha baridi mchana, akalazwa nyuma ya pazia. Alasiri watu wa Waziri walikuja na kompyuta mama kwenye kigari, wakaisukuma ndani, wakafunga kufuli, wakatandaza utepe. Kuangalia nyuma ya pazia hakukuwa sehemu ya maagizo yao.

Jumanne Bi. Zamda alikuja na kaka za marehemu kuchukua maiti. Kwao mtu haachwi hivyo. Wangetaka wawe wameshamzika jana ile ile. Wakaambiwa kwanza waoneshe kibali cha mazishi. Kibali hutolewa na mashine. Mashine ilikuwa kwa Dokta Lukumbo.

Mimi nilikuwa humo ofisini, nafanya mazoezi ya kutamka vyeo vya mgeni rasmi.

"Shikamoo, Dokta," alisema Bi. Zamda.

"Marahaba, mama. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kumchukua mume wangu. Kombo Shomvi."

Dokta Lukumbo aliandika jina kwa kidole kimoja, akatabasamu.

"Hongera sana, mama. Mumeo ametoka."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ndiko nilikotoka mimi sasa hivi, baba. Hayupo."

Dokta aliitazama mashine tena, akamtazama na yeye, akapunguza sauti kwa staha. "Mama, mume akitoka hospitali na nyumbani asifike, hilo si jambo la afya tena. Hilo ni jambo la ndoa. Nenda Ustawi wa Jamii."

Nilidhani atamrukia. Sisi sote tulikuwa tunastahili kurukiwa. Bi. Zamda alikunja kanga yake polepole, akaenda huko alikoelekezwa, kwa sababu mtu mwenye maiti ndani hana ubavu wa kugombana na mwenye ufunguo. Ustawi wa Jamii walimpa kungwi wa serikali, mama wa makamo mwenye manukato, aliyemuuliza kama anampikia mumewe vizuri, na kumshauri abadilishe shuka. Shehe wa mtaa naye aliulizwa kuhusu eda, akakuna kichwa: mbele ya Mungu mama huyu ni mjane tangu Jumatatu, lakini kwa mujibu wa serikali ni mke aliyekimbiwa.

Jumatano simu yake ililia. Ujumbe ulikuwa wa Wizara: "Hongera! Mpendwa wako KOMBO SHOMVI ametoka. Endelea kufurahia afya." Kabla hajamaliza kuusoma ukaingia mwingine. Kompyuta mama ilikuwa imetakiwa itafute, kwa ajili ya sherehe, mgonjwa aliyepona haraka kuliko wote. Ikamtafuta aliyelazwa na kutoka ndani ya muda mfupi zaidi, na ambaye hakurudi tena kulalamika. Mzee Kombo aliingia asubuhi akatoka mchana. Basi alikuwa ameshinda, na alialikwa Alhamisi jukwaani kupokea cheti cha Mgonjwa Bora na kutoa ushuhuda.

Aliyepewa kazi ya kumleta mgonjwa huyo ukumbini ni Nesi Eufrasia. Akimleta atapata cheti chake, asipomleta atafute kazi nyingine.

Jioni hiyo alikwenda Mtaa wa Bati, akamkuta Bi. Zamda amekaa kwenye mkeka kati ya majiko ambayo hayajaisha.

"Mama," alisema, "kesho Waziri anafungua ule mlango kwa mkono wake mwenyewe. Na mzee ameitwa jina lake mbele za watu. Hawawezi kumwita halafu wakamkatalia kutoka."

Bi. Zamda alisogeza jiko moja, akampa nafasi ya kukaa.

"Wewe watakufukuza, mwanangu."

"Watanifukuza, mama. Wewe njoo na jeneza."

*

Alhamisi uwanja wa hospitali ulijaa. Mahema, maputo, bendi ya shaba, wahitimu kwenye majoho ya rangi ya zambarau. Joho la daktari wa moyo lilikuwa limemkaa vizuri ajabu. Wagonjwa walioweza kusimama walipangwa mstari na kupewa bendera ndogo.

Mheshimiwa Makeke alikata utepe, akafungua kufuli, mlango ukaachwa wazi ili wananchi waione kompyuta mama ikimetameta kwenye baridi. Akapanda jukwaani. Alizungumza mpaka wenye dripu zikawaishia. Alisema Tibatarakilishi imetuvusha. Alisema watoto wetu watasoma vitabuni kwamba zamani palikuwa na kifo, na watauliza walimu wao kilikuwa kinafananaje.

Kisha akaniashiria. Nikatangaza kama nilivyozoea, kwa ile sauti ya kuvuta:

"Na sasa, mabibi na mabwana, yule mliyekuwa mnamsubiri! Aliyeingia asubuhi akatoka mchana! Mgonjwa Bora wa Jamhuri, Mzee Kombo Shomvi! Tumpokeee!"

Bendi ikapiga. Mkono wangu ulikuwa juu, makofi yakaporomoka. Kutoka safu ya nyuma Bi. Zamda alisimama, amejitanda kaniki, na nyuma yake mafundi majiko wanne na jeneza la msikitini. Hawakuja jukwaani. Walipita mbele ya meza kuu, wakapita utepe uliokatwa, wakaingia mle kwenye baridi, wakaizunguka kompyuta mama wakaenda nyuma ya pazia.

Watu waliendelea kupiga makofi. Walikuwa hawajaambiwa waache.

Walipotoka jeneza lilikuwa na mtu, amefunikwa kanga mbili za mkewe. Hapo makofi yakaanza kupotea moja moja, wa mbele kwanza, wa nyuma baadaye. Mpiga ngoma wa bendi ndiye aliyechelewa kuelewa kuliko wote, naye akaishia njiani. Waziri alikuwa ameshika cheti kwa mikono miwili. Dokta Lukumbo alimnong'oneza kitu, na Waziri, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwa na cheti mkononi bila kumkabidhi mtu, alishuka ngazi, akakiweka juu ya jeneza. Akaangalia kamera. Kamera hazikuwaka.

"Mzee... aseme neno kidogo," alisema Mheshimiwa.

Bi. Zamda alinijia akanyoosha mkono. Nikampa kipaza sauti. Sikufikiri, nilimpa tu.

"Mimi si msemaji," alisema. "Huyu ni mume wangu. Amekufa."

Neno lile lilipiga kuta za wodi zote likarudi. Nilimwona Dokta Lukumbo akiziba masikio.

"Alikufa Jumatatu, akimsubiri daktari aliyekuwa anapimwa joho. Mmeniambia ametoka. Hakutoka. Mlimfungia humo mkaniambia nibadilishe shuka. Sasa ndiyo anatoka. Naomba wenye mabega wanisaidie."

Akanirudishia kipaza sauti changu kwa adabu kabisa, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Kwetu Vifijo tumesahau mambo mengi, lakini jeneza likipita hakuna mwanamume anayebaki amekaa. Unaingia, unatoa bega hatua chache, unampisha mwingine. Mafundi wa Mtaa wa Bati waliingia kwanza. Kisha wahitimu. Daktari wa moyo alivua joho lake akaliacha kwenye kiti, akaenda kushika pembe ya mbele, na uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye hatalala usingizi mzuri kwa muda mrefu, na mimi sikumhurumia. Bendi ikaacha matarumbeta kwenye nyasi. Wanawake wakafuata nyuma, Nesi Eufrasia akiwa amemshika Bi. Zamda kiunoni. Wagonjwa wa mstari wakaweka bendera chini wakajikokota nao mpaka getini. Hapakuwa na mtu aliyepiga makofi. Kulisikika miguu tu, na baada ya muda hata miguu haikusikika.

Uwanjani tulibaki watatu, na viti. Nilikuwa nakunja waya.

"Wamekwenda wapi?" aliuliza Waziri.

Dokta Lukumbo, kwa mazoea, aligeuka kuitazama kompyuta mama. "Wametoka, Mheshimiwa."

Mheshimiwa Makeke alivitazama vile viti, safu baada ya safu, na majoho ya zambarau yaliyotupwa juu yake. Nilimwona akipungua ndani ya suti. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

"Wametutoka."

Dokta Lukumbo, mtu asiyesahau maagizo, akainama kwa heshima zote.

"Wametutoka sisi nani, Mheshimiwa?"

Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka, na spika zilikuwa zinaelekea mjini. Nikakilaza mezani hivyo hivyo, nikakimbia kuliwahi jeneza, maana bega langu lilikuwa bado.